Kabla ya kumwita mtoto Willow, tazama Shengena

Mzazi kijana wa Same anayetafuta jina la mtoto siku hizi haanzi kwa shangazi, anaanza kwenye simu. Huko anakutana na orodha za majina yanayosemwa kuwa yametokana na asili: Willow, Ivy, River, Autumn, Luna. Kila jina limeandikiwa maana yake pembeni, na maana zote ni tamu: upole, uimara, utulivu, mwanga. Sina ugomvi na mzazi anayependa jina linalosikika vizuri, wala na wazo lenyewe la kumpa mtoto jina la mti, mto au mwezi. Ugomvi wangu ni na chanzo. Autumn ni msimu wa nchi za baridi, majani yanapopukutika kabla ya theluji. Same haina msimu huo. Ina masika, vuli na kiangazi. Willow ni mti wa hadithi na bustani za Ulaya, na mtoto atakayeitwa hivyo Hedaru au Makanya atakua akiona mibuyu na migunga kila upande, bila mtu hata mmoja wa kumwonesha mti wa jina lake. Hoja yangu ni kwamba jina la asili huwa na maana pale tu mtoto anapoweza kupelekwa akaoneshwa kitu alichoitwa kwacho, na kwamba Milima ya Upare ina hazina ya kutosha ya majina ya namna hiyo.

Tuanze na kilichopo. Safu ya Upare ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, milima mikongwe ambayo misitu yake imehifadhi mimea na wanyama wasiopatikana kwingine duniani. Kilele cha Shengena, ndani ya Hifadhi ya Msitu wa Asili wa Chome, kinafika takribani meta 2,460. Huko juu kuna ukungu, baridi na mkulo, ule mti wa mkamfa ambao wapasua mbao wameuandama kwa miaka mingi. Chini yake mito kama Hingilili na Yongoma inashuka kuelekea mashamba ya Maore na Ndungu. Upande wa pili Same mjini na tambarare za magharibi ziko mahali ambapo mlima umeizuia mvua isifike. Wakulima wa Mamba na Myamba wanavuna tangawizi, huku mfugaji wa bondeni akitazama mawingu yanayoishia mlimani. Hata jina la Mkomazi, hifadhi yenye choroa, swala twiga na mbwa mwitu, TANAPA hulieleza kwa maneno mawili ya Kipare, la kijiko na la maji, yaani mahali penye maji ya kuchota kwa kijiko. Na Wapare walijibu uhaba huo kwa kuchimba ndiva, mabwawa madogo yanayokusanya maji usiku ili mchana yagawanywe mashambani kwa zamu. Katika nchi kama hii mvua na kukosekana kwake ni habari ya chakula, si ya mandhari.

Jamii za Afrika Mashariki zilizoishi kwa kutegemea mawingu kiasi hicho ziliifanya mvua kuwa jina la mtu. Msukuma ana Mabula, Mkamba ana Wambua na Mumbua, Mkikuyu ana Nyambura, Mjaluo ana Okoth na Akoth, Mkalenjini ana Kiprop. Baadhi ya lugha za jamii hizi hazina undugu wa karibu, lakini zote zimeweka mvua ndani ya jina la mtoto. Mfano unaojulikana zaidi nchini mwetu ni wa Baba wa Taifa. Mtoto aliyezaliwa Butiama mwezi Aprili 1922 alipewa kwanza jina la Mugendi, kisha akaitwa Kambarage, jina la pepo wa mvua katika imani ya Wazanaki, kwa sababu, inasimuliwa, mvua kubwa ilinyesha alipozaliwa. Baba yake naye aliitwa Nyerere, jina linaloelezwa kuwa la viwavi, kwa sababu alizaliwa wakati viwavi vilipovamia nchi. Kwa hiyo Kambarage Nyerere, jina ambalo kila mwanafunzi wa Tanzania analitaja, ni taarifa mbili za asili zilizofuatana: mwaka wa viwavi na siku ya mvua.

Hapo ndipo tofauti kubwa kati ya majina yetu na orodha za simuni inapoonekana. Katika orodha hizo asili ni pambo, na hakuna anayependekeza kiwavi. Wazee wetu hawakuchagua asili kwa uzuri wake, waliiandika kama ilivyowajia. Kabla ya kalenda ya ukutani, jina lilikuwa tarehe. Aliyeulizwa umri wake alitaja mvua, njaa, nzige au ukame uliomzaa, na wanahistoria wa Afrika Mashariki wamejifunza kupanga miaka ya zamani kwa kusikiliza kumbukumbu za namna hiyo. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyeandika historia ya kisiasa ya Wapare iliyochapishwa mwaka 1969, aliijenga kazi yake kwa kiasi kikubwa juu ya masimulizi ya wazee wa koo. Kumbukumbu hiyo haijaisha kazi. Novemba 2009 mvua ziliporomosha mlima huko Goha, Wilaya ya Same, zikaua watu zaidi ya 20. Msimu kama huo ukipita bila kuacha alama katika jina lolote, baada ya vizazi viwili unabaki kuwa faili ofisini. Simwambii mfiwa ambebeshe mtoto msiba. Nasema tu kwamba jina la mvua, vuli au mto linamlazimu mtoto kuuliza siku moja, na swali lake linamlazimu mtu mzima kusimulia.

Iko sababu ya pili ya kujitwalia majina ya mlima wetu: wengine waliyatwaa mapema. Katika misitu ya Upare Kusini anaishi ndege mdogo mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, ambaye hapatikani popote pengine duniani. Kwa sayansi anaitwa Zosterops winifredae, kwa heshima ya Winifred, mke wa Reginald Moreau, Mwingereza aliyetafiti ndege akiwa kituo cha Amani katika Tanganyika ya wakoloni. Ua dogo la zambarau la misitu ya Tao la Mashariki, linalopamba madirisha ya nyumba nyingi za Ulaya, liliitwa Saintpaulia kwa jina la Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyepeleka mbegu kwao mwishoni mwa karne ya 19. Sidai kwamba wataalamu hao walikosea. Utaratibu wa sayansi unaruhusu, na kazi yao ilikuwa na thamani. Lakini tuone mwelekeo wa safari hiyo: ndege wa Chome alipewa jina la mwanamke wa Uingereza, na mabinti wengi wa Kilimanjaro wanaitwa Winfrida bila kuambiwa kwamba juu yao, msituni, kuna ndege wanayeshiriki naye jina. Asili yetu imeshatajwa kwa watu wa mbali. Kilichobaki ni watu wetu nao kutajwa kwa asili yao.

Pingamizi la kwanza litatoka kanisani na msikitini, nalo lina uzito, kwa sababu Upare ni nchi ya dini. Waadventista waliingia Upare Kusini mwaka 1903, wakafungua kituo chao Giti. Walutheri wa Leipzig nao walijenga vituo milimani, kikiwamo cha Mbaga alikoishi mchungaji Jakob Dannholz. Wamisionari hao walijifunza Chasu, yaani Kipare, kwa bidii. Ernst Kotz alichapisha sarufi yake mwaka 1909. Lakini kitabu cha Dannholz cha 1916 na cha Kotz cha 1922 vilibeba vichwa vinavyowaeleza Wapare kama watu waliofungwa, kimoja kikitaja imani ya mizimu na kingine hofu. Ni rahisi kuelewa kwa nini, baada ya mafundisho ya namna hiyo, jina la msitu au la mvua lingeonekana kuwa na harufu ya tambiko. Hata hivyo, fungua Biblia yenyewe. Tamari ni mtende. Debora ni nyuki. Yona ni njiwa. Raheli ni kondoo jike, Susana ni yungiyungi, na Tabita, au Dorkasi, ni paa, kama kitabu cha Matendo ya Mitume kinavyofafanua. Upande wa Waislamu, Zaituni ni tunda, Rehani ni jani lenye harufu nzuri, Warda ni waridi, Najma ni nyota, Badru ni mwezi mpevu. Waisraeli na Waarabu waliwaita watoto wao kwa mimea, wanyama na anga walivyoviona kwao, na imani haikuwakataza. Anayembatiza binti Dorkasi tayari amempa jina la mnyama. Amempa tu la mnyama wa nchi nyingine, ilhali swala twiga anakula majani ya migunga ya Mkomazi, mwendo mfupi kutoka mlangoni.

Tena Wapare wameshathibitisha kwamba imani na ubunifu wa majina vinaishi pamoja. Elisante, Elineema, Elifuraha, Eliamani: majina haya, yanayojulikana Upare kama yanavyojulikana Uchagani na Umeru, yamechukua neno la Mungu kutoka Maandiko na kuliunganisha na neno la shukrani, neema, furaha au amani linaloeleweka nyumbani. Hayamo katika Biblia kwa namna hiyo. Waumini waliyatunga wenyewe, makanisa yakayapokea, na leo yanasikika kama majina ya zamani kabisa. Waliotunga Elisante wana wajukuu wenye uwezo uleule. Binti anaweza kuitwa Shengena, Yongoma au Vuli na bado akabatizwa au akafanyiwa akika kwa jina jingine analolitaka sheikh au mchungaji. Nyerere alibatizwa Julius mwaka 1943 akiwa mtu mzima, na Kambarage hakuondoka.

Pingamizi la pili ni la ukoo. Jina, watasema wazee, si mali ya baba na mama pekee; mtoto wa kwanza ana babu anayesubiri kuitwa upya, na wa pili ana upande wa mama. Huko ni kuheshimiana, na sitaki kuvunja heshima hiyo. Ila tutazame mfumo wetu wa majina ulivyo leo. Mtanzania huandikwa majina matatu, na mawili kati yake huja bila kuchaguliwa: la baba na la ukoo. Msuya, Mshana, Mmbaga, Mbwambo, Mchome: majina haya yanatunza historia ya koo vizuri, hata anayelisikia jina la Mshana anakumbushwa wahunzi wa Ugweno. Nafasi moja tu ndiyo ya mzazi kuamua, na ndiyo hiyo tunayoijaza kwa majina ya waigizaji na wachezaji mpira. Jina la babu likirithiwa hapo, vizuri. Lakini jina la nyumbani, lile ambalo bibi humwitia mjukuu akiwa jikoni, halijawahi kuhitaji cheti. Tena jina la babu nalo lilikuwa jipya siku moja. Kuna mtu alilitunga kwa kuangalia kilichokuwa mbele yake.

Pingamizi la tatu ndilo linalonipa shida zaidi: kejeli. Mtoto aitwaye kwa mnyama au mti atachekwa shuleni, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inapomhakikishia mtoto haki ya kuwa na jina haikusudii apewe mzigo. Nakubali kwamba si kila kiumbe kinafaa, na mzazi asiyefikiria miaka 40 ijayo ya mwanawe anafanya mzaha na maisha ya mwingine. Lakini aibu hii haina msingi imara kama tunavyodhani. Simba ni jina la ukoo la watu waliokalia viti vya uwaziri katika nchi hii na hakuna aliyewacheka. Wangari, jina la kike la Wakikuyu linalohusishwa na chui, lilibebwa na Profesa Wangari Maathai mpaka Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, tena kwa kazi ya kupanda miti. Na angalia tunavyofanya kinyume bila haya. Faru wa Ngorongoro aliitwa John, na kifo chake kilifanya Waziri Mkuu aagize uchunguzi mwaka 2016. Mwingine, Fausta, aliombolezwa alipokufa Desemba 2019. Simba wa Serengeti aliitwa Bob Junior. Tunaona ni heshima mnyama kubeba jina la mtu, tunaona ni fedheha mtu kubeba jina la mnyama. Sababu pekee ninayoiona ni mazoea, na mazoea hubadilishwa na watu wachache wanaoanza.

Wengine watahofia ukabila. Tanzania ilijengwa kwa Kiswahili, watasema, na kurudi kwenye majina ya milima na koo ni kurudisha kuta. Hofu hiyo ingekuwa na nguvu kama majina ya asili yangetaja kabila. Mto hauna kabila. Hingilili inamnywesha Mpare, Msambaa na mfugaji aliyehamia jana, na mtoto wa daktari kutoka Songea aliyezaliwa hospitalini Same ana haki ya kuitwa Shengena kama mwingine yeyote, kwa sababu ndio mlima uliokuwepo. Kwa maana hiyo jina la mahali ni pana kuliko jina la ukoo. Na aliyejenga umoja wa taifa hili alikuwa Kambarage. Jina la Kizanaki halikumzuia kuwa wa wote. Ugumu wa kweli uko kwa Wapare wa Dar es Salaam, wanaopanda mlimani Desemba na kuteremka Januari. Kwao kipimo changu cha jina linaloweza kuoneshwa ni kikali kidogo, lakini kina faida: binti wa Tabata anayeitwa kwa mto wa Gonja ana sababu ya kudai apelekwe.

Pingamizi la mwisho ni la watu wa mazingira, na ni la haki. Jina haliokoi msitu. Mkulo haujali umeitwa nani unapofikiwa na msumeno. Upare unaweza kuthibitisha hilo kuliko kwingine, kwa kuwa misitu midogo ya koo na ya jando iliyosalia, hasa upande wa Mwanga, haikulindwa na majina. Ililindwa na miiko, na mamlaka ya wazee, na hofu ya adhabu. Mamlaka ya wazee yalipodhoofu, sehemu ya misitu ikaanza kuliwa. Vivyo hivyo isale, mmea unaopandwa kuweka mpaka, hufanya kazi kwa sababu majirani wamekubaliana kuuheshimu. Kwa hiyo sitadai kwamba watoto 100 wanaoitwa Shengena watazuia mti mmoja kukatwa. Ninachodai ni kidogo zaidi, nacho kinatangulia sheria na doria: hakuna anayelinda asichoweza kukitaja. Vijana wengi wa Same wanajua zaidi majina ya timu za England kuliko majina ya miti inayowapa kivuli, na maneno ya Chasu ya mimea na misimu yanabaki vinywani mwa watu wenye umri mkubwa. Jina la mtoto hutajwa mara nyingi kwa siku kuliko neno lolote la kitabuni. Ni njia ya bei nafuu kabisa ya kulifanya neno lisife, na neno likiwa hai angalau mjadala wa kulinda kitu chenyewe una pa kuanzia.

Yanayofuata ni rahisi kutekelezwa. Mzazi anayetaka jina la asili ajiulize maswali matatu: kitu hiki kipo hapa, ninaweza kukieleza, na mtoto ataweza kulibeba jina hili akiwa hakimu au fundi? Likishindwa swali la kwanza, libaki simuni. Wachungaji na masheikh, badala ya kuuliza kama jina limo kitabuni, waulize lina maana gani. Walimu wa shule za msingi za Suji, Vudee, Mwembe na Kisiwani wanaweza kuwatuma wanafunzi nyumbani kuandika majina ya wazee wao na sababu za kila jina, kazi ambayo maofisa utamaduni wa Wilaya za Same na Mwanga wangeweza kuikusanya kuwa kitabu kimoja cha majina ya Upare, cha Chasu na Kigweno, chenye maana zake. Kitabu hicho kikiwekwa kliniki, mama anayesubiri zamu ya kupima mtoto atakuwa na orodha ya kushindana na ile ya simu. Akishaisoma na bado akachagua Willow, ni haki yake, na atakuwa amechagua akijua alichokiacha. Leo wengi wanachagua kutoka kapu moja, tena la watu wengine.